Sauti ya Asmani Kichwani mwa Mwasiti

Kutoka Kabezi hadi Kabonga, mwambao mzima wa ziwa unamjua Asmani kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ndiye anayezunguka Rumonge na kipaza sauti begani akitangaza msiba, mtoto aliyepotea, mkutano wa mtaa, unga mpya uliowasili dukani. Ndiye anayeitwa kuendesha harusi, za Waislamu na za Wakristo, na huwa anaanza kwa Kiswahili, anakatiza kwa Kirundi, anamalizia kwa Kifaransa, ili asibaki mgeni hata mmoja ambaye hajachekeshwa kwa lugha ya kwao. Kalemie wana mtu wao wa namna hiyo, Kigoma wana wao, Mpulungu kule mwisho wa ziwa pia. Waliotembea bandari zote hizo husema hakuna mwenye koo kama la Asmani.

Rumonge nzima alikuwako mtu mmoja tu asiyemsikia, naye alikuwa mke wake.

Mwasiti hakuzaliwa kiziwi. Alikuwa mwanamke mzima, ameshakaa na Asmani miaka kumi, alipoanguka kwa homa iliyomlaza hospitali hadi watu wakaanza kuulizana kaburi lichimbwe wapi. Sindano zilizomwokoa ndizo zilizomla masikio. Alirudi nyumbani, mtaani Birimba, akiwa hai, mwembamba kama fimbo, na dunia imenyamaza. Miezi ya mwanzo Asmani alikuwa mume mwema. Alimshika bega kabla ya kusema naye, alitamka pole pole, alirudia. Kisha akachoka. Mtu ambaye kinywa ndiyo kazi yake huchoka upesi kukitumia mahali pasipo na faida.

Harusi iliyoharibu kila kitu ilikuwa Magara. Asmani ndiye mwendeshaji, Mwasiti amekaa upande wa wanawake, amevaa kitenge kipya. Alimwona mumewe akishika kipaza sauti, akitabasamu, akisema jambo. Alikiona kicheko kikianza meza za mbele na kusambaa hadi nyuma. Kisha nyuso zikamgeukia yeye, wanawake wakaweka viganja midomoni. Mwasiti akadhani ni mzaha wa kawaida wa mume kumsifia mke. Naye akacheka. Akacheka kwa nguvu, maana hakuwa tena na kipimo cha sauti yake mwenyewe, na watu wakazidi.

Nyumbani usiku ule mdogo wake, Kulthumu, alimkalisha mbele ya taa na kumtamkia neno kwa neno. Asmani alikuwa amesema hivi: "Ninyi bwana harusi munalalamika wake zenu hawasikilize? Mimi iko na ukuta nyumbani! Mimi, Asmani, mutu ambaye munanilipa nifungue kinywa, kila siku naongea na ukuta bure!"

Mwasiti angeweza kusamehe neno ukuta. Ambacho hakukisamehe ni kwamba alicheka pamoja nao.

Talaka ilikuja baadaye, na Asmani aliitoa kwa njia aliyoijua. Alisimama mlangoni na mashahidi wake, akatazama uani, akaitamka kwa mdomo. Mwasiti alikuwa nyuma yake, ndani, anapika. Aliwaona wanaume wakiondoka, akadhani walikuja kwa mambo ya harusi. Jioni akampakulia chakula, Asmani akala, akajifuta mikono, akatoka. Ni Kulthumu tena aliyekuja kumweleza kwamba yule aliyempikia hakuwa mumewe.

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja. Watu walidhani anataka kupona, na kweli alitaka, lakini kwa sababu ambayo hakumwambia mtu isipokuwa mdogo wake. Alitaka kumsikia Asmani akimtaka radhi. Kuona midomo ikiomba radhi hakukumtosha. Kuona alikuwa ameona ya kutosha. Aisikie, iingie kwa mlango uleule ambao Asmani aliufunga na kuuchekea.

Alipata kazi kwa Niyonzima, mwenye kinu cha mawese nje kidogo ya Birimba, mzee kijana mwenye tumbo na mdomo usiopumzika. Kazi ile inafaa kwa kiziwi. Wanawake hupukuchua chikichi kwenye vishada, mapipa huchemshwa kwa kuni, halafu wanaume huzungusha mti wa kinu hadi mafuta mekundu yatiririke. Kati ya kuchemsha na kukamua kuna saa ndefu ambazo hakuna wa kufanya chochote ila kungoja pipa. Ndizo saa za porojo. Mwasiti alizoea kukaa pembeni akisoma midomo, na baada ya miaka saba alikuwa anaisoma hata kwa mtu anayetafuna.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam. Ndugu wa Kigoma na wa Uvira walichanga, shirika moja la madaktari likabeba mengine. Walimpasua nyuma ya sikio la kulia, wakapitisha ndani kabisa uzi mwembamba wa umeme, na chini ya ngozi wakaacha sumaku ndogo. Nje alivaa kidude mfano wa kifungo kikubwa cha koti, kinachojishika kichwani kwa sumaku ile, kikiokota sauti na kuzituma ndani. Siku kilipowashwa, Kulthumu alikuwa amekaa mbele yake akasema, "Dada." Mwasiti aliona midomo ikisema dada. Alichosikia ni mtu anayekwangua sufuria.

Hilo ndilo wengi hawalielewi. Kidude kile hakirudishi masikio ya zamani. Kinaleta mikwaruzo mipya, na ubongo ndio unaopaswa kukaa chini kujifunza kwamba mkwaruzo huu ni dada na ule ni mlango. Wengine hujifunza kwa miezi. Mwaka ukapita, Mwasiti anasikia kila kitu na haelewi kitu. Pikipiki, jogoo, adhana, matusi, vyote vilikuwa sufuria. Akiangalia midomo anaelewa kama zamani. Akifumba macho, sufuria.

Wakamwita Bujumbura. Kulikuwa na watafiti waliotaka kujua kwa nini watu wawili wenye kidude kilekile, mmoja huelewa maneno na mwingine hubaki na kelele. Aliyempokea ni Agata, mtaalamu wa masikio, dada mrefu mwenye viatu vya michezo, aliyesema na kila mgonjwa akiwa amemkabili uso kwa uso. Mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ubongo haikumfaa Mwasiti, kwa ajili ya ile sumaku iliyo chini ya ngozi yake. Kwa hiyo walimvika kofia nyeusi ya kubana, imechomekwa nyuzi nyingi kila upande, mpaka Kulthumu akaangua kicheko.

"Dada, unafanana na wavu ulionasa takataka."

"Kila uzi unapeleka mwanga ndani ya kichwa," akasema Agata. "Mwanga ambao macho hayaone. Ubongo ukifanya kazi mahali fulani, damu inakimbilia pale, na damu inakula ule mwanga. Sisi tunaangalia kwenye ekran, hii skrini, nani iko kazini na nani amelala. Haiume."

Kwanza walimwonyesha video ya mtu anayezungumza bila sauti. Juu ya masikio, kwenye skrini, pakawa pekundu. Agata akamwonyesha kwa kidole.

"Hapa ni chumba cha masikio. Masikio yalipohama, macho yakaingia, yakatandika mukeka. Sasa masikio yamerudi yanapiga hodi, na macho bado yamekaa."

"Yafukuzwe," akasema Mwasiti.

"Hatujui kama ni vibaya. Kwa wengine macho yanasaidia masikio. Lakini wewe unayatumia peke yake."

Kisha wakaifunika skrini ya video, wakampigia sauti tupu. Kila mgonjwa alitakiwa aje na sauti ya mtu aliyemfahamu kabla ya kuwa kiziwi, ili waone kama kichwa bado kinamkumbuka, na Kulthumu ndiye aliyeachiwa kazi hiyo. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mgeni; pale juu ya sikio pakafifia. Ya pili ilikuwa ya Kulthumu mwenyewe, ambaye miaka ile ya kusikia alikuwa akiishi Uvira. Rangi ikapanda kidogo, ikashuka. Ikaja ya tatu. Ilikuwa mikwaruzo kama mingine, lakini iliruka, ikakaa, ikavuta pumzi pale pale ambapo mtu huvuta pumzi kabla ya kutaja jina la marehemu. Mwasiti alihisi nywele za mikono zikisimama kabla hajajua sababu. Alipoonyeshwa skrini, chumba kizima kilikuwa kinawaka.

"Ni nani huyu?" Agata akauliza, amefurahi. "Kichwa chako kinamujua sana!"

Mwasiti akamgeukia mdogo wake. Kulthumu alikuwa anaangalia viatu.

"Sauti ya nani mwingine uliyoisikia kila siku, dada? Mama alikufa hajarekodiwa. Hili tangazo lake liko kwenye simu ya kila mutu."

"Huyo ni mbwa," Mwasiti akamwambia Agata, kwa sauti iliyofika hadi korido.

Agata hakucheka. Akavuta kiti. Akaeleza kwamba kidude kinaharibu utamu wa sauti, lakini mwendo wake kinaufikisha, na kichwa cha Mwasiti kilikuwa kimeuhifadhi mwendo wa mtu yule miaka yote. Kama angepata sauti ileile, hai, mdomo umefunikwa, maneno mapya kila siku kwa miezi, huenda masikio yangeingia chumbani kwa mlango huo. Akasisitiza neno huenda. Utafiti ulikuwa bado mchanga.

Njia nzima ya kurudi, ziwa likiwa mkono wa kulia, Mwasiti aliwaza jambo moja. Alitolewa nyumbani kwa Asmani kwa siku moja, kumbe Asmani hakuwahi kutoka kichwani mwake. Amekaa humo, amenyoosha miguu, anakula bure. Alipofika Magara alikuwa ameshaamua kwamba kama mtu huyo anakaa humo, atafanya kazi.

Kulthumu hana siri. Bombani kesho yake aliwasimulia wenzake kofia na nyuzi, kwamba walipiga sauti ya Asmani na kichwa cha dada kikawa chekundu. Waliosikia wakawaambia wengine. Kufikia sokoni habari ilikuwa imekua: sikio la kiziwi, hata likifungwa, linaendelea kupokea, na maneno yote yaliyosemwa mbele yake yamerundikana ndani kama mafuta chini ya pipa. Wazungu wa Bujumbura wana mashine ya kuyakamua. Hakuna Mzungu aliyekuwepo, lakini habari kama hizo huwahitaji.

Asmani alikuja kinuni alasiri, mapipa yakiwa motoni, watu wamekaa wanangoja. Hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na mfuko wa maandazi.

"Amahoro, Mwasi."

"Simama pale penye mwanga," akasema Mwasiti. "Nione mdomo."

Akasogea. "Nasikia ulifika Bujumbura."

"Nilifika."

"Banasema sauti yangu iko kule."

"Iko."

"Kwenye mashini."

"Kwenye mashini. Docteur mwenyewe aliishangaa."

Asmani akaangalia huku na huku, akashusha mabega. "Mwasi, mutu akiwa nyumbani kwake anasema maneno. Anashika simu, anacheka na rafiki. Maneno ya nyumbani siyo ya kutoa inje."

Hapo ndipo Mwasiti alipoelewa anachoogopa. Akamkumbuka miaka ile, amejilaza kwenye mkeka na simu sikioni, anacheka hadi machozi, akimtupia yeye jicho mara moja moja kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Aliwasema nani? Mabwana harusi waliomwajiri? Kamati ya msikiti? Wafiwa? Hakujua. Siku zile hakuwa bado hodari wa midomo, na Asmani alikuwa akimpa ubavu. Angeweza kumwambia papo hapo kwamba mashine haikukamua chochote.

"Ilikuwa nyekundu," akasema. "Nyekundu sana."

Na kila neno katika hayo lilikuwa kweli.

Asmani akauweka mfuko wa maandazi chini. "Unataka nini?"

"Kila siku pipa likichemka, utakuja hapa. Utavaa barakoa, nisione mdomo. Utaniambia maneno mupaka niyasikie."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Ulipoongea na ukuta Magara kulikuwa na watu."

Akaja. Mwambao una habari chache za bure, kwa hiyo kufikia siku ya tatu kulikuwa na watu waliokuja kinuni bila kazi. Asmani alikaa juu ya gunia, barakoa ya buluu usoni, Mwasiti amekaa mbele yake amekunja miguu.

"Mukeke umefika sokoni," Asmani akasema, akianza na habari za samaki.

"Rudia."

"Mukeke umefika sokoni."

"Rudia."

"Bwana Asmani!" Niyonzima akapaza kutoka kwenye kuni. "Harusini kwangu ulinitoza hadi mbuzi, na leo tunakusikia bure! Rudia, bwana, hata mimi sijashiba!"

"Ongeza sauti, shemeji," akasema Kulthumu, "huyo mukeke iko mbali bado."

Watu wakacheka, na safari hii Mwasiti aliujua mzaha wote, maana midomo yao alikuwa anaiona. Asmani ndiye peke yake aliyefunikwa. Jasho liliilowesha barakoa. Alizoea kutupa neno likapokelewa, likamrudia limekuwa kicheko au makofi. Sasa alitupa neno na likaanguka hapo, akaambiwa aliokote alitupe tena. Wiki ya pili koo lilianza kumkauka. Wiki ya nne, kwenye harusi moja Kabezi, alijikuta akisema kila kitu mara mbili, na wageni wakatazamana.

Kwa Mwasiti mambo yalisogea kwa namna asiyoweza kuieleza. Kwanza yalijitokeza majina. Kisha hesabu, kisha maneno ya sokoni. Sufuria ilikuwa bado sufuria, ila sasa aliyeikwangua alikuwa na nia. Halafu alasiri moja alikuwa ameinama kuondoa povu kwenye pipa, amempa Asmani mgongo, na sentensi nzima ikaja nyuma yake na kuingia bila kubisha: "Kesho iko mazishi Kanyenkoko, marehemu alikuwa fundi baiskeli." Aliielewa kabla ya kujua kwamba ameielewa. Alisimama na upawa mkononi, povu la mawese likimdondokea mguuni.

Angeweza kugeuka na kupiga kigelegele. Wenzake wangembeba juu juu.

"Rudia," akasema.

Tangu hapo ikawa starehe. Hata sauti za wengine zilianza kuingia kwa mlango huohuo. Alielewa mara ya kwanza na kusema rudia. Alielewa mara ya pili na kuinamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu anayejitahidi, akasema rudia. Alimwangalia Asmani macho yakizidi kuingia ndani juu ya barakoa, na jioni alikula vizuri.

Kulthumu ndiye aliyemkamata. Walikuwa nyumbani wanachambua ndagala.

"Dada, wewe unasikia. Leo alisema jina langu nikakuona umetikisika."

"Nyamaza."

"Basi muache aende zake! Amekonda. Amekuwa kama mutu wa kuombewa."

"Bado."

"Unataka nini tena kwake?"

"Hajaomba radhi. Amekuja kwa woga. Mutu wa woga na mutu wa radhi siyo mumoja."

"Na asipoomba?"

Mwasiti alitupa ndagala mbovu nje kwa paka. "Atarudia."

Ikafika siku ya Agata kuja Rumonge. Kofia ile husafirishwa kwa sanduku, na alitaka kuona kilichobadilika. Walipanga vitu kwenye stoo ya Niyonzima, kati ya madumu. Mwasiti alikaa kaelekea ukutani, nyuzi zimening'inia begani, kidude kimejishika mahali pake. Nyuma yake Agata alikuwa anapanga betri, na Asmani, aliyekuja kwa saa yake ya kawaida, akapenyeza kichwa mlangoni na kuuliza kwa adabu zake zote za kazini.

"Samahani, docteur. Hii mashini inatoa maneno ya mutu? Yale aliyosikia zamani?"

Agata akacheka. "Maneno? Hapana, bwana. Inaonyesha damu tu, mahali ilipokwenda. Hata wewe ukisema naye sasa hivi, mimi sitajua umesema nini."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Murakoze, docteur," akashukuru Asmani, na akaondoka anapiga mluzi.

Mwasiti hakugeuka. Aliendelea kuutazama ukuta wa udongo wa stoo, uso wake mtulivu, na kwenye skrini ya Agata chumba cha masikio kilikuwa kinawaka pembe hadi pembe.

Kesho yake Asmani aliwahi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la harusi, na kipaza sauti kilikuwa begani kama zamani. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na waliotoka mbali walitaka kukiona kioja. Alikaa juu ya gunia, akapandisha barakoa, akakohoa kidogo. Mwasiti alikuwa amesimama juu ya jiwe penye pipa, amempa ubavu.

"Mawese ya leo iko mazuri," akasema Asmani.

"Rudia."

Akaendelea kwa mwendo uleule na utulivu uleule, macho tu yakiwatekenya watu juu ya barakoa: "Huu ukuta, hata wauvalishe taa, utabaki ukuta. Leo ni mwisho. Nakwenda kuongea na watu."

Mtu mmoja akacheka. Wanawake wawili wakaweka viganja midomoni, kama Magara. Niyonzima akaacha kuchochea kuni.

Mwasiti alikoroga pipa. "Rudia," akasema.

"Nimesema," Asmani akajibu kwa furaha, "mawese ya leo iko mazuri."

"Hapana. Hiyo ilikuwa ya kwanza." Hakumtazama. Alikuwa anaangalia povu. "Ya pili umesema huu ukuta, hata wauvalishe taa, utabaki ukuta. Umesema leo ni mwisho, unakwenda kuongea na watu. Hao hapo watu. Ongea nao."

Ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia kuni zikipasuka, na akajua kwamba ni kuni.

"Yebaba we!" akasema Niyonzima.

"Na jana ulimuuliza docteur kama mashini inatoa maneno. Akakuambia hata moja. Ukasema murakoze, ukapiga mluzi. Mimi nilikuwa nimekupa mgongo, na nyuzi zote zile kichwani."

Asmani alifungua mdomo, barakoa ikaingia ndani na kutoka.

"Docteur hakusema uongo," Mwasiti akaendelea, sasa akiwaambia wote. "Maneno ya huyu bwana ya miaka ile mimi sina. Sikusikia hata moja, wala mashini haina. Lakini ninyi mumemuona anakuja hapa kila siku, anakaa juu ya gunia, anatoka jasho. Alikuwa anaogopa nini? Alikuwa amewasema nani? Mimi sijui. Muulizeni mwenyewe."

Alishuka kwenye jiwe na kuanza kupangusa upawa. Hakuhitaji kuongeza. Mama mmoja wa Mugomere, ambaye Asmani aliendesha harusi ya binti yake, alikuwa ameshasimama.

"Ya mutoto wangu ulisema nini?"

"Mama, mimi..."

"Siku ile nilikupa chakula cha kubeba. Ulipofika kwako ulisema nini?"

"Na msiba wetu?" akauliza mwingine. "Ulitangaza unalia. Ulipozima hicho kipaza ulisema nini?"

"Mimi namukumbuka," akasema mzungusha kinu mmoja, "alikuwa anatuita..." na akamalizia kwa Kirundi, na hata kama Asmani hakuwahi kulisema neno hilo, kufikia jioni lingekuwa limefika Nyanza-Lac na jina lake juu.

Asmani aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa watu waliomlisha. Akamtazama Mwasiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku za hospitali alimtazama kama mtu aliyekuwepo. Akaishusha barakoa hadi kidevuni. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mwasi, nisa..."

"Funika mdomo."

"Nakuomba ra..."

"Funika. Kuona nimeshaona. Nataka kuisikia."

Akapandisha barakoa. Watu wakasogea. Niyonzima alikuwa amesahau pipa, na chikichi zilianza kushika chini. Harufu ya kuungua ikapanda, asijali mtu.

"Mwasiti," akasema Asmani, "nakuomba radhi. Kwa ajili ya Magara. Kwa ajili ya talaka niliyokupa mgongo. Nisamehe."

Mwasiti alifumba macho. Miaka ile yote aliwaza kwamba siku hii ingeingia kama sauti ile aliyoikumbuka, nzito, ya kujaza nyumba, sauti ambayo mwambao wote ulikuwa ukiilipia. Haikuwa hivyo. Kidude kilimfikishia kitu chembamba, cha bati, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kopo la nyanya lililotupwa. Wengine wote pale bado walikuwa wanamsikia Asmani mkubwa. Yeye peke yake, katika mwambao mzima, alimsikia alivyo mdogo. Akalionja hilo pole pole, neno kwa neno, hadi la mwisho.

Hakuna lililompotea.

"Rudia," akasema.